Sheria na Familia: Uhusiano Wetu Uliisha Siku Gani?

SWALI LA KWANZA

Ndugu mwanasheria, salamu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Dandenong, pembezoni mwa Melbourne. Mwaka 2014 nilianza kuishi kinyumba na mwenzangu, sote tukiwa wenyeji wa Kigoma. Wazee wake walimpelekea baba yangu nusu ya mahari, lakini harusi haikufungwa, wala hatukuandikisha ndoa huku Australia. Mwaka 2017 tulinunua nyumba kwa mkopo wa benki. Akiba yangu iliingia katika malipo ya awali, ila hati ina jina lake peke yake. Juni 2023 tuligombana, akahamia chumba cha pili. Tuliendelea kula pamoja, mimi nikipika naye akilipa mkopo, na Desemba ya mwaka huo tulisafiri pamoja kumzika mama yake, nikakaa matangani kama mkwe wa nyumba. Mwishoni mwa Februari 2024 alipanga chumba karibu na kazini kwake, akawa anarudi nyumbani kila mwisho wa juma. Wakati huohuo, kwa ushauri wa rafiki, niliandika katika fomu ya Centrelink, ofisi ya serikali ya huku inayolipa misaada ya jamii, kwamba tumetengana. Agosti 2024 niligundua kuwa ana mwanamke mwingine, nikamwandikia ujumbe kwamba tumefika mwisho, naye hakurudi tena. Desemba 2025 wakili wake ameniandikia kwamba uhusiano wetu uliisha Juni 2023, hivyo muda wa kudai mali umepita. Je, nimepoteza haki yangu?

Msomaji, Dandenong, Australia

JIBU

Dada yangu, pole sana. Kwa maelezo uliyotoa hujapoteza haki yako, lakini barua hiyo usiiweke kabatini hata kwa juma moja. Mbele yako kuna tarehe moja iliyo karibu mno, nami nitaifikia baada ya kueleza sheria yenyewe, maana bila sheria hutaona kwa nini naisisitiza.

Tangu tarehe 1 Machi 2009, Sheria ya Familia ya Australia ya mwaka 1975 inawapa watu walioishi kinyumba bila ndoa haki ya kuomba mahakama iwagawie mali, karibu sawa na wanandoa. Jimbo la Western Australia lina sheria yake, na South Australia iliingia baadaye, mwaka 2010, lakini wewe uko jimbo la Victoria na sheria hiyo inakuhusu moja kwa moja. Mlango wa kuingilia ni kuwa mliishi hivyo kwa jumla ya miaka miwili au zaidi, au mna mtoto, na ninyi mna vyote viwili. Muda wa kufungua shauri ni miaka miwili tangu uhusiano ulipokwisha. Mwanandoa ana miezi kumi na miwili tangu talaka ianze kutumika, na kwake tarehe hiyo imeandikwa katika amri ya mahakama, hivyo hakuna anayeweza kuipinga. Aliyeishi kinyumba hana karatasi ya namna hiyo. Ndiyo maana upande wenye mali mkononi huanza kwa kuusogeza mwisho wa uhusiano nyuma kadiri unavyoweza, kwa sababu akifaulu hapo, hoja ya nani alichangia nini haisikilizwi kabisa.

Mahakama haiangalii nani alilala chumba gani na kuishia hapo. Kifungu cha 4AA cha Sheria ya Familia kinataka jaji apime kama watu hawa wawili, wasio na ndoa wala undugu, walikuwa wakiishi pamoja kama wenzi wa nyumba moja kwa dhati. Anaangalia muda waliokaa pamoja, makazi yao yalikuwa ya namna gani, kama tendo la ndoa lilikuwapo, nani alimtegemea nani kwa fedha, mali ilinunuliwa na kutumiwa vipi, walijifunga kiasi gani katika maisha ya pamoja, mtoto alilelewa na nani, na watu wa nje waliwajua kama nani. Kifungu hicho kinasema wazi kwamba hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lazima lithibitishwe ili uhusiano uwepo. Kwa kipimo hichohicho jaji hutafuta siku ambayo uhusiano haukuwepo tena.

Sasa tuitazame Juni 2023. Mwenzako alihama chumba, na kuhama chumba ni ushahidi, siwezi kukudanganya kwamba hakuna uzito. Hata hivyo mlikula chungu kimoja, mkopo ulilipwa kama zamani, mtoto alilelewa na wazazi wawili ndani ya nyumba moja, na miezi sita baadaye alikupeleka mbele ya ukoo wake katika msiba wa mama yake, ukakaa mahali anapokaa mkwe. Kwa mtu wa kwetu hilo halihitaji maelezo: mwanamume hampeleki matangani mwanamke aliyeachana naye, wala shangazi zake hawamkabidhi jiko mgeni. Jaji wa Melbourne huenda hajui jambo hilo, na hapo ndipo hati yako ya kiapo inapaswa kueleza kwa utulivu nafasi ya mkwe katika msiba wa kwetu ina maana gani, ikiambatana na picha, tiketi za ndege na maelezo ya ndugu waliokuwapo. Nimeona mara nyingi watu wetu wakiwasilisha taarifa za benki peke yake na kuacha ushahidi wa namna hii kwa kudhani kwamba mila haina nafasi mahakamani. Ina nafasi, kwa sababu sheria yenyewe inauliza mlijulikanaje mbele ya watu.

Mwenzako anaweza kujibu kwamba moyoni mwake alikuwa ameshaachana nawe Juni 2023. Ni kweli kwamba mtu mmoja anaweza kuumaliza uhusiano bila ridhaa ya mwingine. Hakuna anayelazimishwa kubaki. Lakini nia iliyofichwa moyoni haitoshi. Tangu mwaka 1976, katika mashauri ya wanandoa waliodai kutengana chini ya paa moja, mahakama za Australia zimetaka nia hiyo ionekane katika matendo: mtu aitende, au aishi kama mtu ambaye uhusiano wake umekwisha. Kwa watu wasio na ndoa kipimo ni uhalisia wa maisha yao zaidi kuliko maneno yao, na kwa hiyo swali litakuwa ni kitu gani kilibadilika Juni 2023 mbali na kitanda. Kwa maelezo yako, kidogo sana.

Februari 2024 inanitia wasiwasi zaidi. Kuna mambo mawili yaliyotokea kwa pamoja: yeye alipanga chumba, na wewe ukaandika kwamba mmetengana. Kuwa na makazi mawili peke yake hakuvunji uhusiano, na kurudi kwake kila mwisho wa juma kunakusaidia, hasa ukionyesha kwamba aliendelea kulipa gharama za nyumba na kwamba ninyi wawili mlikuwa mkipanga mambo ya mbele pamoja. Lakini fomu ya Centrelink ina sahihi yako. Wakili wake ataitoa na kuuliza ni lini ulisema kweli, siku ile au leo. Mahakama haifungwi na kauli ya namna hiyo. Jaji huipima pamoja na mengine yote, akijua kwamba watu huandika fomu kwa sababu nyingi. Tatizo lake ni kwamba inagusa uaminifu wako kama shahidi, na kama ulipokea malipo ya mtu asiye na mwenzi wakati mlikuwa bado mnaishi kama wenzi, kunaweza kuwa na deni la kurejesha au matokeo mazito zaidi. Mweleze wakili wako jambo hili siku ya kwanza kabisa, kabla hajaandika mstari wowote wa kiapo chako. Usimwache alisikie kutoka upande wa pili. Na kama mwenzako naye katika fomu zake za kodi za mwaka huo wa fedha alikutaja kuwa mwenzi wake, au alikutaja kama mke mbele ya benki, hospitali, shule ya mtoto au ofisi ya uhamiaji, hayo nayo yatafutwe, maana yatapimwa kwa mizani ileile.

Kwa hiyo una tarehe tatu. Ukihesabu kutoka Agosti 2024, una muda hadi Agosti 2026. Ukihesabu kutoka mwisho wa Februari 2024, muda unakatika mwisho wa Februari 2026, yaani majuma machache tu baada ya barua hiyo ya Desemba. Ukihesabu kutoka Juni 2023, umeshapita. Mimi naamini Agosti 2024 ndiyo yenye nguvu, kwa sababu hapo kuna ujumbe wako ulioandikwa na tendo lake la kutorudi. Lakini imani yangu si hukumu, na hakuna faida yoyote ya kungoja. Shauri lako lifunguliwe kabla ya mwisho wa Februari 2026, ili tarehe ya pili isiwe na madhara hata jaji akiikubali. Mabishano yatabaki juu ya Juni 2023 peke yake, ambako hoja zake ni dhaifu. Kwa watu wote walio katika hali ya kutatanisha kama yako ningeomba wafanye vivyo hivyo: tafuta tarehe ya mapema kabisa ambayo mwenzako anaweza kuidai, kisha hesabu miaka miwili kutoka hapo. Barua za kusuluhishana kati ya mawakili, vikao vya wazee na ahadi za kwenye simu havisimamishi saa ya sheria. Nimewafahamu kinamama ambao mwaka mzima uliyeyuka katika vikao vya upatanisho vya jumuiya, kwa nia njema ya kila mtu aliyekaa pale, na walipofika kwa wakili muda ulikuwa umekwisha.

Je, ikiwa jaji atakubali Juni 2023? Bado kuna mlango mmoja mwembamba. Mahakama inaweza kukuruhusu ufungue shauri nje ya muda ukionyesha kwamba wewe au mtoto mtapata taabu kubwa bila ruhusa hiyo. Itaangalia pia kama dai lako lina msingi, kwa nini ulichelewa, na mwenzako ataumia kiasi gani. Ruhusa hiyo si haki ya moja kwa moja, lakini hati zako zinaweza kuomba mambo yote mawili kwa pamoja: kwanza mahakama itamke kwamba uhusiano uliisha Agosti 2024, kwa kuwa kifungu cha 90RD kinaipa mamlaka ya kutamka siku ya mwisho, na ikiwa haitakubali, basi ikupe ruhusa ya kuendelea. Wakati huohuo mwulize wakili namna ya kuzuia nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani mpya kabla ya shauri kwisha.

Kuna hofu nyingine naiona nyuma ya barua yako, nayo ni kwamba tarehe ya kuachana ndiyo inayopanga bei ya mali. Sivyo. Kwa kawaida mahakama hutazama mali na madeni kama yalivyo wakati wa kusikiliza shauri, si kama yalivyokuwa siku mtu alipoondoka, hivyo thamani ya nyumba iliyoongezeka tangu mwaka 2024 haikuponyoki. Yaliyofanyika baada ya kutengana, kama vile yeye kuendelea kulipa mkopo na wewe kumlea mtoto peke yako, yanapimwa nayo kama michango. Jina moja kwenye hati halimfanyi awe mmiliki pekee mbele ya mahakama ya familia. Akiba yako ya mwaka 2017, kazi ya nyumbani na malezi vinahesabiwa, na hata akiba yake ya uzeeni ya kazini inaweza kugawanywa. Tangu tarehe 10 Juni 2025 sheria inaitaka mahakama izingatie pia athari za ukatili wa nyumbani katika mgawanyo wa mali. Hukusema kama ulipata jambo la namna hiyo, na sikulazimishi useme; ila kama lilikuwapo, wakili wako alijue.

Nimalizie na mahari. Nusu ya mahari bila ndoa kufungwa haiwafanyi ninyi kuwa wanandoa, kwa hiyo nimekujibu kama watu mlioishi kinyumba. Lakini jiulize vizuri kilichofanyika Kigoma. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila na ya kidini, na kutokamilika kwa mahari hakuibatilishi ndoa iliyofungwa sawasawa. Australia kwa kawaida huitambua ndoa iliyo halali katika nchi ilikofungiwa. Ikiwa kulikuwa na sherehe ya kimila ambayo wazee waliihesabu kuwa ndoa, au nikaha iliyosomwa nyumbani wewe ukiwa mbali, mwambie wakili, kwa sababu ikithibitika kuwa ni ndoa halali, ile miaka miwili haikuhusu kabisa na muda wako haujaanza hata kuhesabiwa hadi talaka itoke. Nikaha iliyosomwa Australia kwenyewe bila mfungishaji aliyeidhinishwa na serikali ni jambo tofauti. Hiyo haihesabiwi kuwa ndoa kwa sheria ya kule.

Kama huna fedha za wakili, anza na ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo lako au kituo cha sheria cha jamii kilicho karibu. Omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma ya taifa ya ukalimani hupatikana kwa simu namba 131 450, na ni vyema kumtumia yeye kuliko ndugu au jirani, hasa katika mambo ambayo hutaki ukoo uyasikie.

SWALI LA PILI

Mwanasheria, nina umri wa miaka 71, mzaliwa wa Mombasa, naishi Brisbane. Kwa miaka kumi na mbili nimeishi na mwenzangu, mama wa Kiaustralia, bila ndoa, katika nyumba tuliyonunua pamoja. Mwaka jana ugonjwa wa kusahau ulimzidi, akahamishiwa katika makao ya kutunzia wazee. Namtembelea karibu kila siku. Watoto wake wakubwa wanasema uhusiano wetu uliisha siku alipoingia kule na wanataka mali igawanywe. Wana haki?

Mzee wa Brisbane

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Kwa ulivyoeleza, sivyo. Swali lako lilijibiwa na Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya mwisho kabisa, tarehe 11 Mei 2022, katika shauri linalojulikana kwa majina ya kubuni ya Fairbairn na Radecki. Mahakama ilisema kwamba kuishi pamoja hakumaanishi lazima kulala chini ya paa moja, na kwamba mwenzi kuhamia makao ya wazee kwa sababu ya ugonjwa, au kupoteza uwezo wa akili, hakumalizi uhusiano peke yake.

Lakini lisome shauri lile hadi mwisho, kwa sababu mwanamume alishindwa. Nyumba ilikuwa ya mama peke yake, na wawili hao walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kutochanganya mali. Mama alipougua, yule mwanamume alimfanya asaini hati mpya zilizompa yeye mamlaka na manufaa wakati akili yake ilikuwa imeshadhoofika. Na mdhamini wa umma wa jimbo la New South Wales, aliyepewa usimamizi wa mali ya mama huyo, alipotaka kuuza nyumba ili kulipia matunzo yake, mwanamume alipinga, akataka kuendelea kukaa humo. Mahakama iliona kwamba alikuwa akitanguliza maslahi yake dhidi ya mahitaji ya mgonjwa, na kwamba kufikia tarehe 25 Mei 2018 uhusiano ulikuwa umevunjika. Kilichoumaliza ni mwenendo wake.

Jambo hili lina uzito kwako kwa sababu mahakama ya familia haina uwezo wa kugawa mali ya watu wawili kabla uhusiano haujavunjika. Ndiyo sababu watoto wanang'ang'ania tarehe. Endelea kumtembelea, shiriki katika maamuzi ya matibabu yake kadiri unavyoruhusiwa, changia gharama zake, na weka kumbukumbu za hayo yote. Ikiwa gharama za makao zitahitaji kuuza au kukopea nyumba, usikatae papo hapo. Keti na wakili na yeyote aliyepewa mamlaka juu ya mali yake, mtafute njia inayomtunza yeye na kukuachia wewe mahali pa kuishi. Na usimsainishe karatasi yoyote katika hali aliyo nayo, hata kama unaamini kwamba ndivyo angetaka.

SWALI LA TATU

Niko Mwanza. Nimeishi na mwanamume miaka sita bila ndoa, tukajenga nyumba Nyegezi, na mwaka 2025 ameondoka. Je, na huku kwetu naweza kudai?

Msomaji, Mwanza

JIBU

Unaweza, dada, ingawa njia ni tofauti na ile ya wenzetu wa Australia. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, inayotumika Tanzania Bara, kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, watadhaniwa kuwa wamefunga ndoa, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwako uzito uko zaidi mwanzoni kuliko mwishoni: uthibitishe mlianza lini, majirani na viongozi wa mtaa waliwajua kama nani, na kwamba hakuna kizuizi, kwa mfano yeye kuwa na ndoa ya Kikristo na mwanamke mwingine. Siku aliyoondoka ina maana pia, kwa sababu ujenzi au mkopo wa baada ya hapo utabishaniwa, hivyo iandike sasa ungali unaikumbuka, pamoja na majina ya waliomwona akihamisha vitu.

Juu ya mchango wako usiwe na hofu kwamba hukuwa na mshahara. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu wa mwaka 1983, kazi ya nyumbani inahesabiwa kuwa mchango katika upatikanaji wa mali. Kusanya risiti za saruji na mabati ulizonazo, nakala ya makubaliano ya kununulia kiwanja, na ujumbe wowote wa simu mliotumiana kuhusu ujenzi, kisha anzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata yako, ambalo kwa kawaida hutakiwa kusikiliza kwanza na kutoa hati yake kabla shauri halijapelekwa mahakamani.